Dungusi za Arizona zinaoza na kuanguka: bakteria ndiye mwenye kosa, au joto?

Tulipozungumzia hewani madhara ya joto kali katika jimbo la Arizona, Marekani, na kutaja kwamba hata dungusi zake mashuhuri zinaoza kwa ndani na kuanguka, ujumbe wa wasikilizaji uliingia kwa wingi. Wengi waliuliza swali moja: dungusi, au kaktasi kama wauza maua wanavyoiita, si mmea wa jangwani? Imekuwaje mmea uliozoea jua kali uuawe na jua?

Msikilizaji mwingine, mama mmoja mwenye maua barazani, alileta swali la nyumbani zaidi. Dungusi zake za kwenye makopo zinalainika kuanzia chini, zinatoa maji ya kahawia yenye harufu mbaya, na ndani ya siku chache zinalala. Jirani amemshauri afungue vidonge vya rangi mbili, zile antibayotiki za binadamu, anyunyizie unga wake kwenye udongo. Je, afanye hivyo?

Maswali haya mawili yanakutana. Dungusi ya mama huyo na zile za Arizona zinaozeshwa na bakteria wa ukoo mmoja. Na swali la kama dawa ya kuua bakteria ndiyo suluhisho, wenzetu wa Arizona wamelizungusha kwa zaidi ya miaka 80, wakakosea kwanza, kisha wakajifunza. Tulichambue.

Nini kilitokea Phoenix?

Phoenix ni mji mkuu wa Arizona, ndani ya Jangwa la Sonora. Mwaka 2023, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, mji huo ulipita siku 31 mfululizo joto la mchana likifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Usiku nao haukutoa nafuu. Kwa siku 16 mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 32 hata alfajiri. Mvua za kiangazi, ambazo mimea ya huko huzitegemea kuanzia Julai, msimu ule zilileta takriban milimita 4 tu mjini. Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vya watu vilivyohusishwa na joto mwaka huo. Mwaka 2024 haukuwa na huruma pia: siku zilizofika nyuzi 43 zilikuwa 70, wakati mwaka 2023 zilikuwa 55.

Ni katika kipindi hicho ambapo picha za dungusi kubwa zikiinama, zikidondosha mikono na kuporomoka zilianza kuzunguka duniani. Nyingi zilitoka kwenye bustani za majumbani, kando ya barabara, na katika Desert Botanical Garden, bustani kubwa ya mimea ya jangwani iliyoanzishwa Phoenix mwaka 1939. Wataalamu wa bustani hiyo walikuwa wameshaanza kuona vifo visivyo vya kawaida baada ya kiangazi kikali cha mwaka 2020.

Dungusi inayozungumziwa hapa inaitwa saguaro, wenyewe hutamka sawaro. Usiifikirie kama ile ya kwenye kopo. Ni mmea unaoweza kupita mita 12 kwa urefu na kuishi miaka 150 au zaidi. Katika miaka 8 ya kwanza unaweza kuwa na sentimita 3 au 4 tu. Mikono yake huanza kuchipua ukiwa na umri wa miaka 50 hadi 75, na wakati mwingine hata 100. Uliokomaa na kushiba maji huwa na uzito wa tani moja na nusu hadi zaidi ya tani mbili. Kwa watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, saguaro ni kama ndugu, na matunda yake huchumwa mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya mvua.

Kwa hiyo saguaro moja ikianguka uani kwa mtu, anayepanda nyingine leo anawapandia wajukuu. Na ikianguka vibaya, tani mbili zinaweza kuvunja gari, ukuta au mtu.

Uozo huu unafanyaje kazi?

Ugonjwa wenyewe ni uozo laini. Unasababishwa na bakteria wanaotoa vimeng'enya vya kuyeyusha pektini, yaani kile kinachoshikamanisha chembechembe za mmea kama udongo wa mfinyanzi unavyoshikamanisha matofali. Pektini ikiyeyuka, ukuta unabomoka. Sehemu iliyokuwa ngumu inakuwa uji, kisha maji meusi au ya kahawia yanaanza kuchuruzika. Ile harufu kali ndiyo watu wengi huitambua kabla ya kuona kitu.

Kwa bakteria hawa, dungusi ni ghala lililojaa: maji mengi, nyama laini, na ganda gumu linaloficha kinachoendelea ndani. Ndiyo maana saguaro inaweza kuoza kwa wiki kadhaa huku kwa nje ikionekana ina doa dogo tu.

Ila ganda hilo hilo ni mlango uliofungwa. Bakteria hawa hawana uwezo wa kutoboa ganda zima la dungusi lenye afya. Wanasubiri mlango: jeraha la kisu, mkwaruzo wa usafirishaji, tundu la mdudu, mzizi uliokatika, sehemu iliyoungua kwa jua au kuganda kwa baridi.

Hata jeraha peke yake halitoshi. Kigogota wa jangwani hutoboa saguaro kila mwaka kutengeneza kiota, na mmea hauozi. Unajenga kovu gumu kuzunguka tundu lile, kavu kama gome. Kovu hilo ni imara kiasi kwamba saguaro ikifa na nyama yake kuisha, hubaki pale likiwa na umbo la kibuyu, na zamani wenyeji waliyatumia makovu hayo kama vyombo. Mmea wenye nguvu hufunga jeraha lake kabla bakteria hawajafika mbali. Mmea uliochoka hauwezi.

Kosa la miaka ya 1940

Karibu na mji wa Tucson kuna hifadhi ya saguaro iliyotangazwa mwaka 1933. Muda mfupi baadaye, kuelekea mwaka 1940, saguaro kubwa za hifadhi hiyo zilianza kufa kwa wingi zikichuruzika maji meusi. Wanasayansi walichukua sampuli wakakuta bakteria. Mwaka 1942 walichapisha maelezo yake na kumpa jina Erwinia carnegieana, kutokana na jina la kisayansi la saguaro, Carnegiea gigantea.

Hitimisho lilionekana wazi: kuna ugonjwa wa kuambukiza, na usipozuiwa utamaliza msitu wote. Likafanyika jaribio kwenye eneo la ekari 320. Saguaro zilizoonekana kuugua zilikatwa, zikakatwakatwa vipande na kuzikwa mashimoni ili zisiambukize nyingine. Mamia ziliondolewa hivyo, lakini vifo havikukoma. Kufikia miaka ya 1960 wapo watafiti waliokadiria kwamba msitu ule ungekwisha kabla ya karne kumalizika.

Msitu haukwisha. Leo Hifadhi ya Taifa ya Saguaro inakadiriwa kuwa na saguaro zipatazo milioni 2. Kilichobadilika ni maelezo ya chanzo. Katika miaka ya 1970 watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za hali ya hewa, wakaona kwamba vifo vingi vilifuata misimu ya baridi kali, hasa ile ya Januari 1937. Baridi iliua nyama ya saguaro kwa ndani, na wazee, ambao ni wakubwa na wenye majeraha mengi, waliumia zaidi. Bakteria alikuja baada ya hapo, akaozesha kilichokwisha kufa au kilichokuwa kinakufa.

Vipi kuhusu saguaro changa, mbona hazikuwepo za kuziba pengo? Jibu lilikuwa kwa binadamu. Kwa miongo mingi miti iliyozipa kivuli saguaro changa ilikatwa kwa kuni, zikiwemo za tanuri za chokaa, na ng'ombe walizikanyaga. Ufugaji ulipositishwa na miti kurudi, saguaro changa nazo zilirudi.

Bakteria mwenyewe alichunguzwa upya. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa na sampuli zaidi ya 100, kutoka aina 11 za dungusi za Arizona, Texas, kaskazini mwa Meksiko na Australia, walimpa maelezo mapya na jina jipya: Erwinia cacticida, yaani muuaji wa dungusi. Siku hizi anawekwa kwenye kundi la Pectobacterium. Katika sifa zilizomtofautisha na ndugu zake, moja inatuhusu hapa: anaendelea kukua hata kwenye joto la nyuzi 43. Hicho ndicho kipimo kile kile ambacho Phoenix ilikifikia siku 31 mfululizo.

Sasa joto linaingiaje?

Turudi kwenye swali la wasikilizaji. Ndiyo, dungusi imezoea joto la mchana, lakini inategemea usiku.

Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Dungusi ingefanya hivyo jangwani ingekauka mara moja. Kwa hiyo hufunga mchana na kufungua usiku, hewa ikiwa imepoa. Usiku ndipo inapoingiza hewa inayohitaji kutengeneza chakula, na ndipo inapopoa. Usiku ukibaki na nyuzi 32, dungusi ikifungua vitundu inapoteza maji mengi, na isipofungua inakosa chakula. Wakati huohuo joto linaufanya mwili wake utumie akiba haraka zaidi. Siku chache inavumilia. Siku 31, bila mvua, akiba inaisha.

Mmea wa namna hiyo hauna nguvu ya kujenga kovu. Ganda linaungua upande wa jua, mizizi midogo inakauka, na bakteria anakuta milango wazi na mlinzi amelala. Kumbuka pia kwamba saguaro inaweza kuteseka kiangazi hiki na kuanguka miezi au miaka baadaye, watu wakiwa wamesahau joto lenyewe. Hapo wanaona uozo peke yake, na wanasema imeuawa na bakteria.

Mjini hali ni mbaya zaidi kuliko porini. Lami na kuta za zege hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Na saguaro nyingi za bustanini zilihamishwa kutoka sehemu nyingine. Sheria ya Arizona inalinda mimea ya asili, na kuhamisha saguaro kunahitaji kibali na lebo maalumu. Kibali hakizuii mizizi kukatwa. Mmea mkubwa uliong'olewa na kupandwa mbele ya nyumba mpya unaweza kusimama miaka kadhaa ukila akiba yake, kisha ukaoza. Wapo pia wenye nyumba wanaouonea huruma na kuumwagilia kama nyasi, mizizi ikakaa kwenye tope la moto, mazingira ambayo bakteria huyu anayapenda.

Si kila kuoza ni msiba. Porini, saguaro inayooza ni chakula na makazi ya wadudu wengi, wakiwemo nzi wadogo wa jangwani ambao mabuu yao hukulia kwenye uozo huo. Bakteria huyu ana kazi yake ya kurudisha mmea uliokufa ardhini. Wasiwasi unakuja pale wanaokufa wanapozidi wanaoota, na ripoti za hifadhi zinaonyesha kwamba tangu miaka ya 1990, ukame ulipoanza kuwa mrefu, saguaro changa zinazofanikiwa kukua zimepungua sana.

Je, kuna dawa?

Jibu fupi ni hapana, kwa maana ya dawa ya kupulizia au kumwaga ili nyama iliyooza ipone. Dawa za shaba husaidia kukinga ganda la nje, lakini haziwezi kumfuata bakteria aliyeko ndani.

Kinachofanyika Arizona kwa saguaro yenye doa dogo ni upasuaji. Sehemu iliyooza inakatwa kwa kisu safi mpaka kwenye nyama nzima, jeraha linaoshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9, kisha shimo linaachwa wazi, limeelekezwa chini ili maji yasitulie. Zamani wapo waliojaza shimo kwa saruji. Hilo ni kosa, kwa sababu linafungia unyevu ndani na kuuzuia mmea kujenga kovu lake. Uozo ukishazunguka shina kubwa, ushauri ni kuuangusha mmea kwa utaratibu kabla haujaanguka wenyewe.

Kwa mama yetu wa barazani, utaratibu ni huo huo kwa kipimo kidogo. Iliyolainika chini na kunuka, itoe kopo na udongo wake, usiupandie nyingine. Kama sehemu ya juu bado ngumu, ikate mpaka uone nyama safi isiyo na doa lolote, futa kisu kwa spiriti kila unapokata, kisha kiache kipande kivulini penye hewa kwa wiki moja au mbili mpaka kikauke kidonda. Ndipo ukipande kwenye mchanga mkavu uliochanganywa na udongo kidogo, kwenye kopo lenye matundu, na usubiri siku kadhaa kabla ya kumwagilia. Nasema haya nikiwa mkosaji mwenzako: yangu ya kwanza niliimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nikidhani naitunza.

Vile vidonge vya rangi mbili viachwe. Havitarudisha nyama iliyoyeyuka, na kumwaga antibayotiki za binadamu kwenye udongo ni kuwazoesha vijidudu dawa ambazo kesho mtoto atazihitaji hospitalini. Usugu wa dawa tunao tayari, tusiuongezee kwenye makopo ya maua.

Sisi linatuhusu vipi?

Linatuhusu kupitia gunia la viazi. Bakteria wa kundi hili la Pectobacterium, pamoja na ndugu zao wa Dickeya, ndio wanaoozesha viazi mviringo shambani na ghalani. Hata yule wa dungusi, watafiti wa mwaka 1991 walipomweka kwenye vipande vya viazi, aliviozesha. Mfanyabiashara aliyewahi kufungua gunia na kukutana na uji unaonuka ameshakutana na ukoo huu.

Na hapo pia bakteria hatangulii. Viazi vinachimbwa udongo ukiwa umelowa, jembe linavikata, vinashindiliwa kwenye lumbesa mpaka vya chini vinachubuka, gunia linafunikwa turubai, linasafiri siku mbili juani. Kila hatua inafungua mlango au inaweka joto na unyevu. Kiazi kimoja kikianza kuoza, maji yake yanashuka kwa vilivyo chini. Hakuna dawa ya kunyunyizia gunia hilo. Kuna kuvuna pakiwa pakavu, kuviacha vikauke kivulini, kuchambua vilivyokatwa, na kutoshindilia.

Ndiyo maana historia ya Arizona ina thamani kwa msikilizaji wa huku. Wale watafiti wa mwanzo hawakuwa wazembe. Walimwona bakteria kwa macho yao kwenye darubini, na kweli alikuwepo. Wakaishia hapo, na mamia ya saguaro zikazikwa. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka mtu aulize kilichotokea kabla bakteria hajafika, akakuta baridi, shoka na ng'ombe.

Safari hii Arizona inajua la kuuliza, na jibu lake ni gumu zaidi. Ng'ombe unaweza kumwondoa hifadhini na mti unaweza kuacha kuukata. Usiku wa nyuzi 32 hauondolewi na meneja wa bustani. Wanachoweza kufanya kwa sasa ni kufunika saguaro changa kwa vitambaa vya kivuli, kumwagilia kwa kiasi pale mvua inapokosekana, kupunguza lami inayozizunguka, na kuchunguza ni saguaro zipi zinavumilia joto kuliko nyingine ili wapande mbegu zake.

Kwa mwenye dungusi barazani na mwenye gunia sokoni, kazi ni nyepesi kidogo. Ukiona uozo, kabla ya kwenda duka la dawa, rudi nyuma siku kumi uangalie: nani alikata, nani alimwagia maji, na kilikaa wapi. Ukigundua, tuandikie, tutaisoma hewani.